Kilichobaki Kwenye Kikopo

Ambrus, leo alfajiri nimefungua sanduku lako la chambo.
Bawaba zimelia kama bata anayefukuzwa.
Ndani, ndoana arobaini na moja, nimezihesabu,
vijiko vya shaba ulivyovisugua kwa majivu
ving'ae majini kama samaki mgonjwa,
na kisamaki cha mpira chenye jicho moja.
La pili lilibaki kinywani mwa kambare, mwaka wa mafuriko,
au ndivyo ulivyoapa. Mimi sikuwepo.

Zsigmond wa ng'ambo amenunua mashine.
Inamwonyesha samaki wote wa Tisza, madoa kwenye kioo.
Anawaona wote, hapati hata mmoja.
Jana alinijia, kofia kifuani:
"Rozália, marehemu alikuwa akichanganya nini?"
Nikamjibu, mahindi.
Si uongo. Mahindi yalikuwemo.

Mahindi ya kulowekwa siku tatu
mpaka ndoo ichachuke na paka ahame baraza.
Wanaosema samaki mmoja akioza
hawajawahi kuinusa ndoo yako.
Mbegu za katani, zilizochemka zikapasuka
zikatoa kila moja kimkia cheupe.
Maini ya kuku, yaliyolala juani.
Kitunguu saumu. Pilipili tamu ya dada yangu wa Kalocsa,
ambaye mpaka leo anaamini tunaitia kwenye mchuzi.
Mwisho anisi, tone moja.
Niliwahi kumimina, ukanishika mkono:
"Hatumwiti harusini, Róza. Tunamnong'oneza."

Na kabla ya kugusa chochote
uliteremka ukingoni, ukachota tope,
ukajisugua mpaka kwenye viwiko
kama daktari aingiaye chumba cha upasuaji.
Kambare, ulisema, ni ulimi mwili mzima.
Anaionja sabuni, anaionja petroli,
anamwonja mtu aliyegombana na mkewe.
Hilo la mwisho nilijua umelitunga kwa ajili yangu.

Kisha ikaja ile Juni
miguu ikakataa mteremko.
Ukawa unakanda chambo jikoni, kwenye kiti,
kiko mdomoni, vidole vya rangi ya chai,
bila tope, bila kunawa,
nami nakwenda kuyatupa madonge yako mtoni.
Hayakuguswa. Kiangazi kizima hayakuguswa.
Boya limesimama wima kama karani.
"Mto umenuna," ulisema.
Nilijua si mto.
Nilirudi kila jioni nikikwambia, wamedonoa,
leo wamedonoa mara mbili,
nawe ulitabasamu, ukakanda mengine.

Leo nimekwenda mwenyewe.
Tope nimejipaka. Tone nimelihesabu.
Nimepiga maji kwa lile gongo lako lililopinda,
klup, klup, nikaona haya kama mtu anayebisha
nyumba asiyojua kama wenyewe wamo.
Mshipi ukaenda. Haukutetemeka, ulienda tu,
polepole, kama mwenye gari lake.
Dakika ishirini. Goti langu moja ndani ya maji.
Kilo tisa, Ambrus, na ndevu ndefu kuliko za padri.
Nilimtukana kwa maneno yako yote.

Nilipotafuta kitambaa cha kujifutia damu,
chini kabisa ya sanduku, nikakuta kikopo cha tumbaku,
na ndani donge moja la mwisho, gumu kama kokoto,
alama za vidole vyako vitatu bado zimo.
Nikalinusa.
Anisi imeshakufa. Saumu imekufa.
Samaki walikuwa na haki, wale,
kulikwepa kiangazi kizima:
ni mtu mtupu.

Nimeligeuza geuza kiganjani, muda mrefu,
nikijua kinachoingia kwenye ngozi.
Kambare wa pili alikuwa akiruka karibu na mierebi.
Nimekunja mshipi.
Kwa mikono hii, leo sivui tena.